Foleni ya Mikono

Jumamosi, 2 Machi

Tumepigwa ishirini na mbili kwa kumi na tisa, nyumbani kwetu, mbele ya chuo kizima cha ualimu. Hilo nalimeza, kufungwa ni kufungwa. Lililotokea baada ya kipyenga cha mwisho silimezi hata nikisukumizwa kwa maji.

Kazi yangu kwenye mpira wa mikono ni kusimama katikati ya mabeki wa adui na kusukumana nao mpaka mtu aanguke. Kazi ninayoipenda. Leo nimetoka na makucha shingoni na goti limechubuka, na kuna binti mmoja wa chuo cha uuguzi ameondoka akitema damu kwa sababu mdomo wake ulikutana na bega langu. Sijutii. Uwanja wetu ni saruji tupu na haumwonei mtu huruma.

Mwishoni kabisa Nyundo akaruka. Nyundo ndiye nahodha wao, kama mimi nilivyo wa kwetu, na mkono wake wa kulia ukiachia mpira kipa anausikia kabla hajauona. Nikamrukia, tukagongana hewani, nikatua kwa mgongo ndani ya goli letu, juu ya Komeo. Komeo ndiye kipa wetu, na ndiye ninayekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Mpira ukaingia. Kipyenga.

Halafu foleni. Mwaka jana, baada ya zile fujo za viti kurushwa, chama cha ligi kiliamuru hivi: mechi ikiisha, timu zijipange mistari miwili zipishane, kila mtu ampe mkono kila mtu, manahodha mbele. Timu ikigoma inapokwa pointi. Uungwana, wanasema. Uungwana gani wa kusukumwa na pointi? Sisi tunapaka gundi viganjani ili mpira usiteleze, kwa hiyo mkono wa mtu unaganda kwenye wako na inabidi uubandue. Unaondoka na jasho la mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anakukaba roho.

Nyundo alinipa mkono bila kunitazama, akashuka kwenye mstari wetu. Komeo alikuwa wa mwisho. Nikasikia yowe, nikageuka, namwona Komeo kapiga magoti na mkono wake bado uko kwenye mkono wa Nyundo. Refa alikuwa anakunywa maji. Nyundo akaachia, akasema, "Nini tena? Nimempa mkono tu!"

Nilimpiga ngumi moja ya sikio kabla hawajanishika. Kocha alinifunga mikono kwa nyuma kama mwizi wa kuku, huku akiniambia taratibu, taratibu. Taratibu nini!

Naandika hapa ili nisije nikajigeuka. Kabla muhula haujaisha nitauvunja ule mkono wa kulia. Nitauvunja kwenye foleni hiyohiyo, kiungwana kabisa, huku natabasamu.

Jumapili, 3 Machi

Vidole viwili, kidogo na cha pete. Plasta mpaka karibu na kiwiko. Komeo hachezi tena muhula huu. Nilimwambia, "Mwenzangu, huyo nitamlipa na riba." Akageukia dirishani. Maumivu, maskini.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaita wachezaji wote bafuni, mahali ambapo Kocha hawezi kuingia. Kocha ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, akikasirika anasafisha miwani. Nikawaambia: tunakutana na wauguzi tena tarehe ishirini na tatu kwao, na tukifika fainali huenda tukawakuta tena. Kila mmoja wetu atapita mbele ya ule mkono. Mimi ndiye wa kwanza. Nikishindwa mimi, aliye nyuma yangu asishindwe.

Kifaru akauliza, "Yaani tumvunje?" Kifaru ni beki wetu wa pembeni, mwaka wa pili, mkubwa, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu na vidole vikabaki.

"Yeye alimpapasa Komeo?" nikamuuliza.

Basi. Wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Tunakamua mataulo yaliyolowa, kila mtu kumi kila mkono. Tunashika ndoo za mchanga kwa vidole viwili. Kocha ametuona akasema vizuri sana, mshiko mzuri ni nusu ya goli. Tumecheka mpaka tumejikalia chini.

Jumamosi, 9 Machi

Tumewapiga wa chuo cha kilimo thelathini kwa kumi na mbili. Mmoja alimkanyaga Kifaru makusudi. Mara ya pili alipomkaribia alikutana na kifua chake akaenda kulala kwenye bango la alama. Kwenye foleni nikafanya majaribio: unamshika mtu vidole vya mwisho tu, unaviacha vingine, unageuza kidogo. Binti wa watu akainama mpaka goti likagusa chini. Nikamwambia, "Pole, umejikwaa?" Wenzangu nyuma wanakufa kwa kicheko.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Tumefanyia mazoezi kwenye bwalo la chakula, meza zimesukumwa ukutani. Kifaru amemgeuza mwenzake kidole mpaka kikavimba. Nilipaswa kumkaripia, nikampongeza. Jioni Komeo amesema, "Hivi hamwezi kucheza mpira tu?" Nikamwambia anyamaze, vita hii ni yake. Akasema hakumtuma mtu. Shukrani ya punda kweli ni mateke.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika kwa jicho moja.

Tulikwenda kwao. Uwanja umelowa, madimbwi hapa na pale, refa anataka kuahirisha, manahodha wote wawili tukakataa. Hilo tu ndilo tuliloelewana. Dakika za mwanzo Kifaru alimshika winga wao nywele akamvuta mpaka akaanguka kichali. Nikasikia kichwa kinavyogonga saruji, ko, na uwanja mzima ukasema aah! Dakika mbili nje. Mbili tu. Yule winga hakurudi tena.

Baada ya hapo hapakuwa na mpira. Mtu akidaka anapigwa, asipodaka anapigwa. Nilimkanyaga mmoja kifundo cha mguu nikakisikia kinasogea chini ya kiatu changu. Mwingine alinichapa kofi la tumbo refa akiwa amegeuka, nikamtemea mate. Kipindi cha pili nikapokea mpira nimeupa mgongo ulinzi, nikageuka ili nirushe, na kiwiko cha Nyundo kikanikuta hapa, juu ya jicho. Sikuanguka. Damu ikashuka nikaona dunia nyekundu upande mmoja. Nikarusha hivyohivyo, mpira ukaingia.

Ishirini kwa ishirini.

Foleni. Damu inanidondoka kidevuni, hakuna aliyethubutu kuniambia nikae. Nyundo akaja. Safari hii alikuwa amejiandaa, mkono ameukaza kama gogo, gumba limefunga. Tukashikana. Nikabana, akabana. Gundi na damu na maji ya mvua, vidole vyangu vikateleza kila nilipovitafuta vyake vya mwisho. Tulisimama hapo tunatazamana mpaka foleni nzima nyuma yetu ikasimama, na refa akasema, "Haya mabinti, upendo umetosha." Mpumbavu yule.

Wenzangu wote walijaribu na hakuna aliyempata. Mashabiki ndio waliomalizia: mawe, chupa, mtu mmoja na mguu wa kiti. Kocha miwani yake imevunjika. Tulitoka tumelala chini ya viti vya basi.

Nimeshonwa nyuzi sita. Fainali ni sisi na wao, tarehe sita Aprili. Vizuri sana.

Jumapili, 24 Machi

Mama amepiga simu, mtu kamwambia. "Mwanangu, hasira hasara." Nikamwambia nimeanguka bafuni. Akasema, "Bafu hilo lina kiwiko?"

Ijumaa, 29 Machi

Leo ndiyo siku niliyotakiwa kutolewa nyuzi. Hospitali ile ndipo wanafunzi wa uuguzi wanapofanyia kazi kwa vitendo. Nilijua, lakini kichwa changu hakikufika mbali hivyo. Nikaitwa chumba cha vidonda, nikavuta pazia, na aliyesimama pale na sare nyeupe na mkasi mkononi ni Nyundo.

"Kaa," akasema.

"Nataka muuguzi mwingine."

"Mwingine yuko wodi ya wazazi anazalisha. Kaa au rudi nazo nyumbani, zitaota humo."

Nikakaa. Akanishika kidevu akaniinua uso kwenye taa. Mkasi ulikuwa umbali wa unywele kutoka kwenye jicho langu, mkono ni uleule niliokula kiapo kuuvunja, na haukutikisika hata kidogo. Uzi wa kwanza ukatoka sikusikia kitu.

"Nani kashona hapa?" akaguna. "Kashona kama gunia."

Nikasema, "Ungeniuliza nani kapasua."

"Nimepasua mimi. Makusudi. Winga wangu hadi leo akisimama ghafla anatapika. Mlimvuta nywele kama mnang'oa magugu. Nikasema nahodha wao ndiye anayewapa jeuri, ngoja nimpate huyo." Uzi wa pili. "Ukinishtaki nitakubali."

Sikutegemea. Nikamuuliza, "Na vidole vya kipa wangu? Hivyo navyo ni vya winga?"

Akashusha mkasi. "Nyusi nimekubali. Vidole sikubali, kwa sababu si mimi. Nilimshika mkono kama ninavyowashika wote, akapiga yowe. Nikajua vilikuwa vimeshavunjika. Mtu wa vidole vizima hasikii maumivu yale kwa kushikwa tu. Ulinipiga ngumi ya sikio, nikaisikia siku tatu, nikasema mwache, ana uchungu."

"Muongo."

"Kamuulize mwenyewe. Na ukimaliza, mwambie aanze kuvikunja asubuhi na jioni, plasta ikitoka vitakuwa vikavu." Akamalizia nyuzi zilizobaki haraka, akafuta, akabandika. Halafu akaniambia nisimtie kazi ya bure kwa jeraha jipya, ana mtihani wake wa mwisho wa vitendo Jumanne baada ya fainali. Kuchoma sindano, kuweka dripu, kufunga vidonda, wakaguzi watatu wamesimama. Akishindwa anarudia mwaka. "Ukitaka kunitoa roho," akasema, "nitoe Jumatano." Akacheka. Ana mwanya. Sikuwa nimewahi kuuona.

Nimerudi chuoni mvua inaninyeshea na sikukimbia.

Komeo alikuwa kitandani anasoma. Nikamuuliza wima, bila hodi. Akasema ni Nyundo. Nikamuuliza tena. Akafunga kitabu.

"Ulipoangukia juu yangu," akasema. "Mkono wangu ulikuwa chini. Nilivisikia vinalia, kwanza kimoja halafu cha pili."

Kikombe kilikuwa mezani. Nilikirusha ukutani juu ya kichwa chake, vipande vikamwangukia kwenye nywele, na hakusogea.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipa nafasi? Mimi nipo chini nalia, wewe umeshampiga mtu. Asubuhi yake umeshaapa. Jumanne umeshaitisha mkutano. Uliniuliza lini? Hata siku moja hukuniuliza." Akaanza kuokota vipande na mkono wake mmoja. "Na ulikuwa umefurahi, nahodha. Haki ya Mungu, sijawahi kukuona na furaha kama ile. Nikaona aibu kukuharibia."

Nilitaka kumpiga. Niseme ukweli, mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Nikaenda kukaa ngazini.

Jumamosi, 30 Machi

Komeo: "Utawaambia?"

Mimi: "Nitawaambia."

Jumapili, 31 Machi

Sikuwaambia. Niliwaita kwa nia hiyo, tukajazana bafuni, na wote wanaitazama nyusi yangu kama bendera. Kifaru akatoa taulo alilolikamua mpaka limechanika katikati, akalinyanyua, wakapiga makofi. Halafu mmoja akauliza, "Nahodha, tupo pamoja?"

Niseme nini? Kwamba aliyemvunja kipa wetu ni mimi? Kwamba mwezi mzima nimewakamulisha mataulo kwa mzigo wangu mwenyewe?

"Tupo," nikasema.

Jumatano, 3 Aprili

Mazoezi. Sina la kuandika.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepata njia. Mimi ndiye wa mbele kwenye foleni. Nikimpa Nyundo mkono vizuri, kwa heshima, mbele ya watu wote, wenzangu wataelewa wenyewe. Timu hufuata nahodha. Hakuna haja ya maneno wala mtu kuaibika. Nimemwambia Komeo. "Waambie tu," akasema. Nikamwambia ataona kesho.

Jumapili, 7 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Mdomo umevimba, naanza.

Tumechukua kombe, ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Ilikuwa mechi ya kuuana. Kipa wetu wa akiba alipigwa mpira wa uso akamaliza mechi na pamba puani. Mimi nilibebwa na mabeki wawili nikatupwa nje ya uwanja kwenye mabenchi, nikarudi nachechemea. Kifaru alikula ngumi ya mbavu, akairudisha kwa kichwa. Lakini mimi na Nyundo tulichezeana safi. Tulipigana, ndiyo, tuligongana hadi meno yanatetemeka, lakini hakuna kiwiko. Mara moja nilianguka, akaninyanyua kwa kwapa, akasema, "Inuka, mzigo wewe." Nusura nicheke.

Kipyenga kikalia. Uwanja ukalipuka. Tukajipanga.

Nyundo alikuja ameukaza mkono kama siku ile. Niliuona kuanzia begani ulivyojifunga, amejiandaa kuvunjwa. Nikaufungua wangu wazi kabisa, nikauweka ndani ya wake bila nguvu yoyote, vidole vimelegea.

"Hongera kwa mechi," nikasema. "Jumanne ufaulu."

Akanitazama, akapumua. Nikausikia mkono wake unalegea ndani ya wangu, kidole kimoja kimoja. Akaonyesha mwanya. "Ahsante, nahodha."

Tukapishana. Nikaendelea na wenzake, hongera, hongera, pole, hongera. Moyo mweupe! Nilijiona mtu mkubwa mimi. Winga yule aliyeanguka kwa kichwa alikuwepo kwenye mstari, na mavazi ya kawaida, nikampa mikono yote miwili. Na sikufikiria hata mara moja kwamba walio nyuma yangu hawaoni mkono wangu. Wanaona mgongo. Wakiona nimesimama sekunde chache na Nyundo halafu nikapita, wanajua kitu kimoja tu: nimeshindwa, zamu yao.

Nilisikia kabla ya yowe. Vilivyolia si viwili. Nikageuka na Kifaru bado anageuza, taratibu, uso wake hauna kitu, kama mtu anayekamua taulo. Nyundo alikuwa chini. Hakupiga yowe kama la Komeo, alitoa sauti ya chini, ya ng'ombe. Wenzake wakatuvamia, wetu wakawapokea, nikaona buti linamwingia mtu tumboni, nikaona Kocha anavutwa tai. Nikapigana kumfikia Nyundo, nikapiga yeyote aliyekuwa njiani, sikujali ni wa kwao au wa kwetu.

Nilipofika, mkono wake wa kulia ulikuwa pajani, vidole vitatu vinatazama upande ambao vidole havitazami.

"Ulinilegeza," akaniambia. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu aliyeng'amua hesabu ngumu. "Nilikuwa nimeukaza, ukanilegeza ili wao wanipate."

"Hapana. Haki ya Mungu, hapana."

"Mna akili, nyinyi." Wakamnyanyua wakampeleka.

Refa, polisi walipomaliza kutawanya watu, alitia sahihi ripoti ya mechi. Foleni haikufika mwisho, lakini aliona tulipeana mikono mimi na yeye, akasema manahodha walikuwa mfano wa kuigwa. Kombe tukapewa kupitia dirisha la basi.

Chumba cha kubadilishia nguo cha chuoni ndimo nilimowaambia. Walikuwa wanaimba, kombe liko katikati lina soda. Kifaru alinisogelea, jasho linamtiririka, akanibusu shavuni. "Tayari, nahodha," akasema. "Kwa ajili ya Komeo." Komeo alikuwa amesimama mlangoni na plasta yake, ananitazama mimi peke yangu.

Nikasema yote. Mgongo wangu, vidole, hospitali, mtihani wa Jumanne. Wakaacha kuimba mmoja mmoja. Mtu akazima simu iliyokuwa inarekodi.

Kifaru akauliza, "Ulijua lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita."

Akafikiri. Yeye hufikiri polepole, na tumekuwa tukimcheka kwa hilo. "Kwa hiyo Jumatano ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Jumatano nilifanyia zoezi kwenye mkono wako. Ukaniambia gumba langu liko juu mno, mtu atachomoka. Ukalishusha wewe mwenyewe ukaniambia, sasa bana." Akanyoosha mikono yake mbele akaitazama, kiganja halafu mgongo wa kiganja. "Ulilishusha wewe."

Nilitaka kusema nilifanya kwa mazoea tu, kwamba ukimwona mtu anakosea unamrekebisha kabla hujajua unarekebisha nini. Ni kweli pia. Sikusema.

Akanipiga ngumi ya mdomo, halafu ya pili. Hakuna aliyemshika.